Ikulu za Watemi wa Simiyu: Zihifadhiwe kwa Jina la Nani?

Hoja ninayoiweka mbele ya wasomaji ni hii: ikulu za watemi wa zamani katika Mkoa wa Simiyu, za Ntuzu, Dutwa, Kanadi, Itilima, Mwagala na nyinginezo, zinastahili kuhifadhiwa kwa nguvu za umma, lakini zihifadhiwe kwa jina la watu waliozijenga, waliozihudumia na waliozilisha, si kwa jina la waliokalia viti ndani yake. Nasema hivyo kwa sababu utemi umerudi katika mazungumzo ya hadhara, na umerudi kwa mlango wa sherehe. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa Kisesa, wilayani Magu, kuwa mkuu wa machifu, akapewa jina la Hangaya. Nchi ileile iliyofuta madaraka ya machifu mwaka 1963 sasa inawapa viti vya mbele. Sherehe ina haki yake, na ngoma zinazopigwa hapo ni urithi wa kweli. Ila sherehe haina nafasi ya kuuliza nani alikanyaga udongo wa nyumba ya mtemi, nani alisaga unga wa wageni wake, na waliolala nje wakisubiri mashauri yao yasikilizwe walikuwa akina nani. Nyumba, ikitunzwa kwa nia hiyo, inaweza kuulizwa. Wapinzani wa hoja hii ni wengi, na nitawaacha waseme kwa nguvu zao zote. Sauti nimezitunga mimi, lakini hoja zao si za kutunga.

Wa kwanza kusimama ni mkulima wa pamba wa Itilima. “Mwandishi, babu zetu walilima shamba la mtemi kabla ya kulima la kwao. Walikata fito, wakabeba miti, wakaezeka, na mvua ilipovujia ndani waliitwa tena. Mzungu alipokuja, mtemi yuleyule akageuka mtoza kodi, akapewa mshahara, makarani na matarishi. Miaka ya 1950 akasimamia sheria ndogo: lima matuta hivi, panda muhogo kiasi hiki, punguza ng'ombe. TANU ikazuiwa kufanya kazi Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958, na watemi wengi wakabaki upande wa bwana shauri. Leo unataka tozo itokayo kwenye pamba yangu ikakarabati nyumba ya mtu aliyempiga babu yangu faini?”

Mzee wangu, sipunguzi hata neno moja katika uliyosema. Zaidi ya hapo, naongeza shtaka. Kabla ya ukoloni mtemi hakuwa mfalme wa kufanya apendavyo. Alichaguliwa na banang'oma, wazee wa baraza waliokaa faraghani wakapima nani anafaa, na mvua ikikataa au akiwa mkatili waliweza kumwondoa. Utaratibu wa utawala wa wenyeji ulioimarishwa na Gavana Donald Cameron kuanzia 1926 ulimfanya mtemi awe mtumishi wa serikali, na kuanzia hapo mwenye kumwondoa hakuwa tena yule anayemlimia shamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watemi wa Usukuma walipounganishwa katika shirikisho moja, makao yake yalijengwa Malya, kule Kwimba, jirani kabisa na Maswa, kwa ramani ya serikali na kwa majengo ya kudumu. Mabadiliko hayo ya madaraka yanasomeka katika majengo: kutoka nyasi kwenda bati, kutoka kikome, moto wa kukutania wazee, kwenda ofisi yenye meza na karani. Ndiyo maana nakuomba usiiache nyumba ianguke. Nyumba hiyo ni ushahidi wako wewe, mzee. Ukiiacha imomonyoke, atakayepata nafuu ni yule ambaye angependa kizazi kijacho kikumbuke ngozi ya simba na ngoma tu, na kodi isahauliwe.

Waingereza wametangulia katika jambo hili, kwa wema na kwa ubaya, na tuna cha kujifunza katika njia zote mbili. Kule Yorkshire lipo jumba la Harewood, lililojengwa kati ya 1759 na 1771. Mjenzi alikuwa John Carr, mapambo ya ndani yakabuniwa na Robert Adam, samani zikatengenezwa na karakana ya Thomas Chippendale, fundi ambaye jina lake hutajwa hadi leo wauzaji wa samani wanapotaka kusifia kiti. Dari zake za lipu zimechorwa kwa ustadi ambao sidhani mtu mwenye macho anaweza kuukana. Fedha za ukoo wa Lascelles, wenye jumba hilo, zilitoka katika sukari ya visiwa vya Karibi, yaani katika migongo ya Waafrika waliotumikishwa huko. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake miaka ya 1830, ukoo huo ulilipwa fidia ya zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu 1,277. Watu wenyewe hawakulipwa. Kwa muda mrefu mgeni wa majumba ya namna hiyo alionyeshwa dari, akaelezwa jina la fundi wa dari, akaondoka. Mwaka 2020 taasisi ya National Trust, iliyoanzishwa 1895 na inayotunza majumba mengi ya Uingereza, ilichapisha ripoti iliyotaja maeneo yake 93 yenye uhusiano na utumwa au ukoloni. Kelele zilipigwa, wengine wakasema historia inachafuliwa. Lakini angalia kilichowezesha ugomvi huo: majumba yalikuwa yamesimama. Mgeni alikuwa ndani, chini ya dari ileile, na swali la nani alilipia lilikuwa na mahali pa kuulizwa. Majumba zaidi ya elfu moja ya namna hiyo yalibomolewa, mengi yake katika karne ya ishirini, hata mwaka 1974 Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert, London, likaandaa maonesho maalumu ya kuyaomboleza. Kwa hayo yaliyobomolewa nyaraka zipo, lakini nyaraka husomwa na wachache. Mlango humpitisha hata asiyejua kusoma.

Mfano ninaoupenda zaidi hauko Uingereza yenyewe, uko Wales, karibu na mji wa Wrexham. Jumba la Erddig lilikuwa la ukoo wa Yorke, watu wa hadhi ya kati miongoni mwa makabaila, wasio na michoro ya mabwana wakubwa wa Ulaya ya kujivunia. Walifanya jambo ambalo majirani zao hawakulifanya: kuanzia karne ya kumi na nane waliagiza watumishi wao wachorwe picha za rangi, mmoja mmoja, seremala na zana zake, mtumishi wa ndani na ufagio, mlinzi wa wanyama na bunduki, na chini yake mashairi ya kueleza maisha yao. Jumba lilipokabidhiwa kwa National Trust mwaka 1973, mgeni alipangiwa njia ya kuingilia upande wa karakana, mazizi na jiko, ili akifika sebuleni awe tayari ameshajua jumba lilisimama kwa kazi ya nani. Mtu anaweza kusema kwamba hata picha hizo zilimsifu bwana aliyezilipia, na mashairi hayo aliyaandika yeye na si mpishi. Kweli. Lakini seremala ana uso na ana jina, na mjukuu wake anaweza kwenda kusimama mbele yake. Ikulu za Simiyu zikihifadhiwa, mlango huo wa nyuma ndio ninaotaka uwe mlango mkuu. Aingiaye aanzie kwa vijana wa elika waliokuja kulima kwa zamu chini ya kiongozi wao, aanzie kwenye jiwe la kusagia, kwenye kihenge kilichojazwa mtama wa kijiji kizima, ndipo afike kwenye kiti.

Hapo anasimama ofisa mipango wa halmashauri, kijana, daftari mkononi. “Ndugu mwandishi, mifano yako ni ya mawe. Harewood na majumba ya namna hiyo ni mawe yaliyochongwa. Hata wenyewe wakifa, jumba linabaki. Ikulu ya mtemi ilikuwa udongo, fito na nyasi. Mahali pengine kilichobaki ni kichuguu na minyaa. Na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Nitakwenda mbele ya baraza la madiwani kuomba fedha za kuhifadhi nini?”

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na jibu lake linaanzia katika tofauti ya urithi. Jumba la kabaila wa Kiingereza lilijengwa kwa mawe kwa sababu kazi yake ilikuwa kushikilia ardhi katika mkono wa ukoo mmoja. Mtoto wa kiume wa kwanza alirithi yote, sheria za kifungo cha mali zikamzuia asiuze, na kuta nene zikawa tamko kwamba sisi hatuondoki. Utemi wa Kisukuma katika umbo lake la zamani ulikwenda njia nyingine. Urithi ulipita upande wa kike. Mtoto wa dada wa mtemi ndiye aliyekuwa katika hesabu, si mwanawe wa kumzaa. Mtemi mpya alijenga ikulu yake mahali pengine, na ya zamani ikaachwa irudi ardhini. Haikuwa uzembe wala uduni wa ujenzi. Kilichopaswa kudumu kilikuwa cheo na mkataba wake na watu, na hivyo viliwekwa katika vitu vinavyobebeka: ngoma za utemi, gamba la konokono wa bahari la kuvaa kwenye paji la uso, kiti, mkuki, na zaidi ya vyote maarifa ya wazee waliojua mila za kumsimika mtemi, mila ambazo Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, aliziandikia kitabu mwaka 1951. Kwa hiyo anayetafuta ikulu ya Ntuzu kwa kutafuta ukuta wa kabla ya mwaka 1863 anatafuta kwa jicho la Yorkshire. Hataiona hata akiikanyaga.

Na si kweli kwamba nyumba ya udongo na nyasi haihifadhiki. Kule Kampala, kwenye kilima cha Kasubi, Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga ikulu ya miti na nyasi mwaka 1882. Alipofariki 1884 alizikwa humo, na makabaka watatu waliomfuata wakazikwa humohumo. Mwaka 2001 UNESCO iliiingiza Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia. Nyasi zake za 2001 hazikuwa za 1882, na hakuna aliyedai ziwe. Kilichotambuliwa ni jengo pamoja na ujuzi unaolifanya upya: uezekaji ni kazi ya watu wa ukoo wa Ngeye, na ndani ya paa mna duara 52 za matete zinazosimama kwa ajili ya koo za Buganda. Machi 2010 jengo liliteketea kwa moto. Ingekuwa urithi ni nyasi zile, hadithi ingeishia hapo. Kazi ya kulirudisha ilichukua zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2023 Kasubi ikatolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Rwanda nayo imeijenga upya kwa nyasi ikulu ya kale ya wafalme pale Nyanza, jirani na nyumba ya kisasa aliyojengewa Mfalme Rudahigwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mgeni huziona zote mbili kwa safari moja: nyumba ya mfalme kabla na baada ya ukoloni kumwekea mkono begani.

Tena hatuna haja ya kuvuka mpaka. Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, lipo tembe la udongo lenye paa bapa, limejengwa upya na kutunzwa kama makumbusho kwa miongo mingi. Limetunzwa kwa sababu David Livingstone alikaa hapo mwaka 1872 baada ya Stanley kumkuta Ujiji. Sina ugomvi na Livingstone. Lakini ofisa wangu, tembe hilo linathibitisha kwamba Tanzania inajua kuhifadhi udongo. Kilichokosekana kwa ikulu zetu ni uamuzi kwamba aliyekaa humo, na waliomjengea, wanatosha kuwa sababu. Sheria ya 1964 nayo haifungi mlango. Inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali kuwa pa kulindwa hata kama hapajafikia umri huo, na vitu vya asili vya utamaduni vina ulinzi wao. Halmashauri ndiyo inayotakiwa kuandika barua.

Mwalimu wa historia anainua mkono. “Yote haya tayari yako kwenye makumbusho ya Bujora, pale Kisesa. Padri David Clement, yule Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alikusanya ngoma za watemi, akajenga jumba lenye umbo la kiti cha enzi kuzihifadhi. Mwanafunzi wa Bariadi apande basi aende Kisesa. Kwa nini tugawanye kidogo tulicho nacho?” Mwalimu, Bujora ni kazi kubwa, na bila padri huyo ngoma nyingi zingekuwa kuni. Lakini jumba la kukusanyia haliwezi kufanya kazi ya mahali. Ngoma ya utemi ilikuwa na eneo lake: ilisikika mpaka vilima fulani, iliwaita watu wa vijiji fulani, na ndani ya mlio huo ndimo mipaka ya utemi ilimojulikana. Ukiiweka pamoja na ngoma nyingine nyingi katika jumba moja, unajifunza ngoma za Wasukuma zilivyo. Hujifunzi kwa nini mtu wa Kanadi hakuitika ngoma ya Ntuzu. Tena Simiyu ilipoundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, ilipata makao makuu, ofisi na barabara. Historia yake ikaendelea kusomwa kwa jirani. Maonesho ya kitaifa ya Nanenane yaliyofanyika Nyakabindi, Bariadi, kuanzia 2018 yalionyesha mkoa huu unaweza kupokea wageni wa nchi nzima. Nitaongeza tahadhari hapo hapo: ikulu ya mfano ikijengwa Nyakabindi kwa wiki moja ya Agosti, kisha ikaachwa mpaka mwaka unaofuata, itakuwa banda la maonesho. Mahali pake ni kule ilikokuwa.

Kuna anayetabasamu kwa huruma katika ukumbi huu wa maneno: msomi wa sanaa. Anasema, “Tukubali yote, lakini tusijidanganye kuhusu sanaa. Jumba la Kiingereza lina Adam, lina Chippendale, lina mchoraji aliyetia saini. Ikulu ya Kisukuma ilikuwa makazi mazuri, si kazi ya sanaa. Hakuna jina la msanii hata mmoja.” Hapa nataka kukaa kidogo, maana pingamizi hili huaminiwa hata na wenyeji.

Kwanza, ukosefu wa majina mara nyingi ni kosa la aliyebandika lebo. Huko Berlin kimehifadhiwa kiti cha enzi chenye mgongo mrefu kutoka Buruku, Unyamwezi, chenye umbo la mtu lililochongwa nyuma yake, kilichochukuliwa mwaka 1898. Wanahistoria wa sanaa wa dunia nzima wanakijua. Jina la aliyekichukua limeandikwa. Jina la aliyekichonga halikuulizwa. Hilo si sawa na kusema hakuwa na jina, wala kwamba watu wa Buruku hawakumjua. Pili, Wasukuma wamehifadhi majina ya wasanii wao kwa namna yao. Katikati ya karne ya kumi na tisa walikuwapo wachezaji wawili mahasimu, Ngika na Gumha, kila mmoja na dawa yake, mtindo wake na wafuasi wake. Bagika na Bagalu wangali wanashindana uwanjani baada ya mavuno mpaka leo, kwa nyoka, kwa nungunungu, kwa sanamu za mbao zinazochezeshwa, kwa mashairi yanayotungwa msimu huu kumjibu manju wa upande wa pili. Nionyeshe mji wa Ulaya ambako vijana wa kijijini bado hujigawa kwa jina la wasanii wawili waliokufa zaidi ya karne iliyopita. Tatu, michoro ya ukutani ilikuwapo. Cory huyohuyo alichapisha mwaka 1953 kitabu cha michoro iliyofanywa na Bayeye, chama cha wacheza nyoka, ndani ya kuta za nyumba zao za mafunzo: nyoka, watu, wanyama, viumbe wa hadithi, kila umbo na somo lake kwa anayeingizwa chamani. Haikuchorwa ili imfurahishe mgeni. Ilichorwa ili ifundishe, na aliyemaliza kujifunza hakuwa na haja ya kuirudia. Kama thamani ya sanaa ni kwamba kila mstari una kazi, basi kuta hizo za udongo hazikuwa nyuma ya dari ya Robert Adam.

Kisha kuna nyumba yenyewe. Msonge mkubwa ni hesabu. Mwinamo wa paa ukiwa mdogo maji yanaingia. Ukizidi, upepo wa nyika ya Meatu unaling'oa. Nguzo za ndani, fito za mduara, tabaka za nyasi zinazopandiana kuanzia chini kwenda juu, ukuta uliokandikwa kwa udongo wenye kinyesi cha ng'ombe usipasuke, ua wa minyaa unaozuia mifugo bila kukata mti hata mmoja wa msitu: hizi ni kanuni zilizofikiwa kwa kujaribu na kukosea kwa vizazi, na fundi aliyezijua aliitwa kutoka mbali. Yeye ndiye Adam wa Dutwa. Ukosefu wa jina lake ni deni letu, na linalipika tu iwapo tutauliza kabla aliyefundishwa naye hajaondoka.

Mwinjilisti anauliza kwa upole kama hatutakuwa tumefufua matambiko. Nadhani jibu liko Bujora aliyoitaja mwalimu: parokia ya Kikatoliki ndiyo iliyotunza ngoma za watemi, katika eneo moja na kanisa lililojengwa kwa umbo la msonge, na sikukuu ya Bulabo inayojaza uwanja kwa wachezaji wa Bagika na Bagalu imeshikamana na Ekaristi Takatifu. Kueleza mtemi alivyogawa dawa ya mbegu kabla ya kupanda si kumtaka mkulima aache mbegu za ruzuku. Sheria iwe moja: kinachoelezwa kielezwe, anayetaka kuabudu aende kwake.

Sauti iliyobaki inatoka ndani ya ua wenyewe. Mjukuu wa ukoo wa kitemi anasema, bila hasira, “Mmejadili nyumba yetu kana kwamba haina wenyewe. Babu zetu wamezikwa pale. Mwaka 1963 tuliporudishwa kuwa raia wa kawaida, hakuna serikali iliyokuja kufagia. Tulifagia sisi. Ngoma iliyobaki tuliificha sisi, wengine waliuza za kwao. Leo unasema ihifadhiwe kwa jina la watu wengine?”

Ndugu yangu, heshima unayostahili kwa kufagia haina mjadala, na makaburi ni yenu. Lakini madai ya umiliki yanagongana na mila yenyewe mnayoitetea. Cheo ambacho mwana hakurithi kutoka kwa baba hakikuwa mali ya nyumba moja. Ngoma ilikuwa ya nchi, ndiyo maana mtemi aliyeondolewa hakuondoka nayo. Shamba lililolimwa kwa zamu na vijiji vyote, na paa lililoezekwa kwa mkono wa kila kaya, haviwezi kugeuka mali binafsi kwa sababu tu mfumo ulifutwa mtu akiwa ndani. Njia ya kukaa pamoja ipo. Kule Uingereza, ukoo wa Devonshire haukufukuzwa Chatsworth, jumba lake. Tangu 1981 jumba liko chini ya taasisi ya hisani inayolihifadhi kwa manufaa ya umma, na ukoo unaishi humo kwa kulipa pango. Kwetu utaratibu utakuwa tofauti, kwa kuwa ardhi ni ya kijiji na serikali ya kijiji ipo kisheria. Naona kamati ambamo ukoo una viti vyake, serikali ya kijiji ina vyake, na wazao wa waliolima na kuezeka wana vyake, kwa idadi isiyoruhusu upande mmoja kuandika historia peke yake. Mkulima wa Itilima aketi karibu na mjukuu wa mtemi. Watabishana juu ya maneno ya kibao cha mlangoni, na ubishi huo uandikwe.

Ofisa mipango anarudi kwenye swali lake la mwisho, na ni haki yake: kisima, zahanati na madarasa vinasubiri, fedha ni zilezile. Simwombi aondoe shilingi kwenye kisima. Uezekaji ni gharama ndogo inayorudi kila baada ya misimu michache, na uzuri wake ni kwamba hulipwa kwa nyasi na kazi kuliko kwa saruji iliyosafirishwa. Na hata hiyo ingoje. Kazi ya kwanza haina bajeti: kila kata itambue ikulu ilikuwa wapi, ipime eneo, iandike nani anakumbuka nini. Hiyo ndiyo haivumilii mwaka mwingine. Aliyekuwa na miaka ishirini utemi ulipofutwa amevuka themanini sasa. Maofisa wa kikoloni walihoji watemi na wazee wa baraza, na karatasi nyingi za Cory zipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa anayetaka kuzisoma. Waliohojiwa kidogo sana ni wake wadogo wa ikulu, wasagaji, wachota maji, wachungaji wa ng'ombe wa mtemi, vijana waliopeleka salamu usiku. Walimu wa historia wa sekondari za Bariadi, Maswa, Meatu, Busega na Itilima wana simu zenye kinasa sauti na wanafunzi wenye bibi. Waanze na hao, na swali la kwanza lisiwe mtemi alikuwa nani. Liwe: wewe, au mama yako, ulifanya kazi gani pale, na ulilipwa nini?